Mwanafunzi na Simu: Tufungue Daftari la Siku Saba

Leo tunazungumzia jambo linalowasumbua wazazi wengi wa Msimbati, Mahurunga, Kilambo na hata Mtwara mjini. Mtoto akija likizo hashiki jembe wala daftari, anashika simu. Ukimwuliza anafanya nini, anajibu, "Nasoma, mama." Sasa mzazi atajuaje kama ni kweli?

Katika simu mtu anaweza kusoma kweli. Na katika simu hiyo hiyo anaweza kukesha mpaka jogoo wa kwanza bila kusoma hata mstari mmoja. Ukimtazama kwa nje, hali ni ile ile. Kichwa kimeinama, kidole kinatembea.

Zamani haikuwa hivi. Redio ilikaa mezani, ikasema, nyumba nzima ikasikia. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi. Walisikiliza Redio Tanzania pamoja, wakasoma kitabu cha kampeni, wakajadili, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Kila mmoja alijua mwenzake amesikia nini. Simu haina kikundi. Mtoto akishatia hedifoni masikioni, anachosikia ni chake peke yake.

Wapo wanaosema dawa ni kumnyang'anya. Shuleni mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, na hilo tunaliunga mkono. Lakini nyumbani tufikiri kwanza. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na madarasa mengi hayakufunguliwa mpaka mwisho wa Juni. Masomo yalitolewa redioni na kwenye televisheni. Mtoto ambaye kwao hakukuwa na chombo chochote alikaa bure. Leo Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, yaani maktaba inayofunguliwa kwa simu, yenye vitabu vya shule vya kusoma bila kulipia kitabu. Matokeo ya mitihani nayo tunayasoma humo humo. Kumnyang'anya moja kwa moja ni kumnyima na hayo.

Kwa nini haiweki chini?

Hebu tueleze kidogo. Zile video fupi za TikTok, Instagram na YouTube, mtazamaji halipi shilingi kwa kila moja. Kampuni hupata fedha zake kutokana na matangazo ya biashara. Mtu akitazama muda mrefu anaona matangazo mengi, na kampuni inapata zaidi. Kwa hiyo mitambo yao hukumbuka mtoto alikawia wapi: kwenye mpira, kwenye singeli au kwenye vichekesho. Kisha humletea kingine cha namna hiyo kabla hajaomba. Gazeti hili lina ukurasa wa mwisho. Ukiufikia, unalikunja. Video hizo hazina mwisho.

Basi tusiseme ni uvivu mtupu. Mtoto wa kidato cha tatu anashindana na watu wazima wenye elimu kubwa, wanaolipwa mishahara ili yeye asiiweke simu chini.

Na bando? Huduma ya intaneti hupimwa kwa MB, kama tunavyopima mchele kwa kibaba. Kitabu cha maandishi matupu mara nyingi hakifiki MB 5. Video ya saa moja huweza kula MB 500 au zaidi. Tuseme mtoto anatumia bando la shilingi 500 kila siku. Kwa siku 30 ni shilingi 15,000. Kwa miezi 12 ni shilingi 180,000. Sasa tugeuze kuwa korosho. Mwaka 2018 Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, shilingi 180,000 ni zaidi ya kilo 54. Mliookota korosho mnajua kilo 54 ni migongo mingapi iliyoinama.

Sisi wa mpakani tuna hasara nyingine tena. Simu hushika mnara wenye nguvu. Ukiwa karibu na Ruvuma inaweza kushika mnara wa Msumbiji, na huko bando lako la hapa huenda lisifanye kazi, salio likaliwa kwa bei ya nje ya nchi. Mwambie mtoto aingie kwenye mipangilio ya simu na kuzima matumizi ya data nje ya nchi. Hapo hapo azime na ile ya WhatsApp kujipakulia picha na video zenyewe.

Daftari

Tunachoshauri ni hiki. Mtoto apewe daftari la shilingi chache. Kwa siku saba aandike kila alichotazama, alichosikiliza na alichosoma, kwenye simu, redio au gazeti. Aandike saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Aandike pia neno moja: kilimsaidia nini. Asiadhibiwe kwa alichoandika, la sivyo kesho yake atawaandikia uongo. Siku ya saba mzazi akae naye, asome. Ninyi mliohitimu kisomo hamhitaji mtu wa kuwasomea. Mtoto anawashinda kuijua simu, lakini daftari mnalisoma wote.

Tuchukue mfano. Binti anaandika kwamba kila siku alitazama video fupi saa 3, na kusoma kitabu cha baiolojia dakika 20. Tujumlishe siku saba. Video ni saa 21. Kitabu ni saa 2 na dakika 20. Saa 21 ni siku tatu za palizi, ukihesabu saa 7 kwa siku. Hata mwenyewe akiiona hesabu hiyo kwa mwandiko wake, hushtuka.

Daftari litaonyesha pia habari zilitoka wapi. Hili si dogo. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, na watu wa Mtwara wakatakiwa kukaa mahali salama. Mwishowe kikapiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Siku kama hiyo, mtu akifuata sauti ya WhatsApp isiyojulikana imerekodiwa na nani, anaweza kukimbilia kwenye hatari yenyewe. Ujumbe wenye alama ya mishale miwili umeshapitishwa mkono kwa mkono mara tano au zaidi. Mishale haisemi kwamba ni uongo. Inasema tu kwamba aliyekutumia siye aliyeandika. Mtoto aulizwe: nani kasema, na redio imesema nini?

Liko jingine ambalo wanakisomo wanalijua kuliko walimu. Kusoma kusipotumiwa hupotea. Mwaka 1986 nchi yetu ilikuwa imebakiwa na watu wazima wapatao 10 tu katika kila 100 wasiojua kusoma na kuandika. Baadaye idadi ikapanda tena, na baadhi yao ni watu waliowahi kujua, wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Mwanafunzi anayesoma maneno matatu chini ya video hawezi kusahau herufi, la. Lakini atachoka mapema akikutana na ukurasa mzima kwenye mtihani wa kidato cha nne. Kwa hiyo katika daftari mpime na urefu: lini mara ya mwisho alisoma kurasa tano mfululizo?

Wiki ya pili apange mwenyewe saa zake, kitabu kwanza, video baadaye, na saa ya kuzima usiku. Mkubaliane, aandike, wote mtie sahihi. Na kama nyumbani simu ni moja, liandikwe jina la kila aliyeishika, hata kama ni baba aliyekuwa anatazama mpira.