Ndege Zenye Majina ya Visiwa

Tarehe 11 Agosti 2024 maelfu ya watu walijipanga kwenye fukwe za kisiwa cha Vancouver, huko Kanada, wakitazama juu. Wazee kwa watoto, wengine machozi yakiwalengalenga, walikuwa wakiiaga ndege moja kuukuu iitwayo Hawaii Mars, iliyokuwa ikiruka kwa mara ya mwisho, huku ndege za maonyesho za Jeshi la Anga la nchi hiyo zikiisindikiza.

Asiyeyajua mapenzi haya ya ndege kubwa za kale za kivita huyaona kuwa ni upuuzi mtupu. Sisi hatuoni hivyo, hasa tukikumbuka kwamba ndege hizi zilibuniwa kwa ajili ya bahari na zikapewa majina ya visiwa: Hawaii, Philippine, Marianas, Marshall na Caroline. Tena pwani yetu si geni kwa jamii ya ndege za maji. Tangu mwaka 1937 zilitua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikileta barua na abiria, na wakati wa vita ndege za doria aina ya Catalina zilikuwa na kituo chao Kipevu.

Mars ilikuwa jitu miongoni mwa hizo. Upana wake, kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, ni mita 61, nayo husukumwa na injini nne. Kiwanda cha Martin cha Baltimore kilianza kuibuni kabla ya vita ili ipige doria na kuangusha mabomu, lakini Jeshi la Wanamaji la Marekani likaigeuza kuwa ndege ya mizigo. Ziliagizwa 20, vita vikaisha, zikaundwa 6 tu baada ya ile ya majaribio. Ya kwanza iliharibika majini Agosti 1945, jina lake likapewa nyingine. Mwaka 1949 Marshall Mars ilibeba abiria 301 kwa safari moja, jambo la ajabu kwa siku zile. Mwaka uliofuata ikateketea kwa moto karibu na Honolulu, wahudumu wake wakasalimika. Nne zilizobaki zilisafirisha mizigo baina ya California na Hawaii hadi mwaka 1956.

Mwaka 1959 zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Hapo ndipo rubani mmoja wa Kanada, Dan McIvor, alipozishawishi kampuni za mbao za jimbo la British Columbia zizinunue kwa ajili ya kuzima moto wa misitu. Ndege hushuka, hukwangua uso wa ziwa bila ya kusimama, na kwa muda wa nusu dakika hivi hujaza lita 27,000 za maji, kisha hupaa na kwenda kuyamwaga motoni. Chombo kilichokusudiwa kubeba mabomu kikawa mwokozi wa vijiji. Hata hivyo kazi hiyo haikuwa ya mzaha. Mwaka 1961 Marianas Mars ilianguka ikiwa kazini, watu wake wanne wakafa. Na mwaka 1962 kimbunga kiliivunja Caroline Mars ikiwa nchi kavu.

Basi zikabaki mbili, na juu ya hizo ukazuka mvutano ambao watumishi wa serikali wa nchi yoyote wataufahamu. Mwaka 2013 serikali ya jimbo haikuendelea na mkataba. Ilisema ndege ndogo za kisasa huteka maji katika maziwa mengi zaidi, ilhali jitu hili lahitaji ziwa kubwa. Wananchi walikusanya sahihi, na mwaka 2015 Hawaii Mars ikaitwa tena kwa muda mfupi. Kwa maoni yetu maofisa wale hawakukosea katika hesabu. Walichochelewa ni kuamua mapema chombo kipumzike wapi, kwani Philippine Mars iliyostaafu mwaka 2012 ilikaa ziwani zaidi ya miaka kumi ikingoja makao. Wapo wapenzi wanaodai kwamba ndege isiyoruka ni maiti. Lakini kati ya zile sita, nne zimekwisha kupotea. Anayetaka hizi mbili zirushwe mpaka siku ya mwisho na aseme pia nani atazikosa baadaye.

Leo Hawaii Mars imo katika makumbusho ya ndege karibu na mji wa Victoria, kisiwani humo humo ilikotumika. Philippine Mars nayo ilirushwa Februari 2025 hadi ziwa moja la Arizona, ikafunguliwa vipande vipande na kupelekwa Tucson kwa barabara, ikaungwe upya jangwani, mbali kabisa na visiwa ilivyopewa jina lake.