KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: PROFESA JAY FORRESTER

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Leo nawaletea habari za profesa aliyeithibitisha methali hii kwa hesabu.

Jay Forrester alizaliwa mwaka wa 1918 jimboni Nebraska, Marekani, kwenye ranchi ya ng'ombe isiyokuwa na umeme. Akiwa bado shule ya upili kama sisi, aliokota vyuma vya magari makuukuu akaunda mtambo wa kuzungushwa na upepo. Taa zikawaka kwao kwa mara ya kwanza! Alihitimu uhandisi wa umeme mwaka wa 1939, kisha akaelekea chuo cha MIT. Huko aliongoza uundaji wa tarakilishi iliyoitwa Whirlwind, akabuni na kumbukumbu ya sumaku ambayo tarakilishi nyingi ziliitumia hadi miaka ya sabini.

Mwaka wa 1956 alihamia kitivo cha usimamizi wa biashara. Watu wakashangaa, mhandisi anatafuta nini huko? Basi wakuu wa kampuni ya General Electric wakamweleza shida ya viwanda vyao vya Kentucky. Wakati mmoja wafanyakazi hufanya zamu usiku na mchana, miaka michache baadaye nusu yao wanaachishwa kazi. Ilikuwa rahisi kulaumu hali ya biashara nchini. Forrester alichukua kalamu na karatasi, akafuatisha jinsi walivyoajiri watu na kuweka akiba ya mali. Kumbe hata wateja wasipobadilika, kiwanda kingeyumba tu kwa maamuzi yake chenyewe!

Inawezekanaje? Mimi nilielewa kupitia kwa mama yangu, ambaye hupika mandazi 60 kila siku. Jumatatu moja mvua ilinyesha, 30 yakabaki. Jumanne akaogopa, akapika 30. Yakaisha mapema, wateja wakarudi mikono mitupu. Jumatano akapika 90. Yakabaki tena, tukayala sisi kwa chai ya rangi. Mama alilalamika kwamba wateja hawaaminiki, na wiki hiyo hiyo mimi nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilipopiga hesabu, niliona kwamba tangu Jumanne wateja walikuwa wale wale. Mvua ilisukuma mara moja tu. Kilichoendelea kuyumbisha ni kuamua ya leo kwa hofu ya jana.

Hiyo ndiyo elimu ya mienendo ya mifumo, ambayo Forrester aliieleza katika kitabu chake Industrial Dynamics mwaka wa 1961. Alifundisha MIT hadi 1989, akaaga dunia mwaka wa 2016 akiwa na miaka 98.

Wenzangu, alama zikishuka tusikimbilie kumlaumu mwalimu ama jirani mwenye kijicho. Tuchunguze kwanza ratiba zetu wenyewe. Mama naye amerudia 60 zake, na karo tunailipa polepole.

Hapo natua kalamu. Kila la heri katika mitihani!