Marashi ya bei nafuu na kuni za Nzwani

Mwanamke wa Wagenia, Kisangani, anayeshinda akiuza samaki karibu na maporomoko ya Mto Congo, akitaka marashi ya kila siku hatafuti chupa ya kifahari ya Paris. Anataka ya bei nafuu: laini, yenye harufu tamu ya maua, yasiyomkera aliye jirani.

Chupa nyingi za bei hiyo zina kemikali zinazoiga maua. Mojawapo ya maua yanayoigwa ni langilangi, lile la njano ambalo Wazanzibari hulitia kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani. Mafuta yake ni ghali, na Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani.

Kisiwani Nzwani wachumaji, wengi wao wanawake, huingia shambani alfajiri, harufu ikiwa imekolea. Miti hukatwa vilele ili mkono ufike. Maua hupikwa kwa mvuke siku hiyo hiyo, kwa saa nyingi. Mafuta ya mwanzo huenda kwenye marashi ya matajiri, Chanel No. 5, ya mwaka 1921, ina langilangi. Ya mwisho, utamu ukiwa umepungua, huishia kwenye sabuni.

Tatizo ni kuni. Moto huwaka mchana na usiku, na misitu ya kisiwa hicho kidogo chenye watu wengi imepungua sana. Mito iliyotiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Majiko yanayotumia kuni chache yapo, ila bei yake si ya mkulima mdogo.