Pampu Isiyo na Kiungio: Namna ya Kuomba Vifaa vya Zimamoto kwa Miji Midogo ya Mpakani



Miaka kadhaa iliyopita nilihudumu katika mji mmoja mdogo wa mpakani ambao sitautaja. Usiku mmoja moto ulizuka katika safu ya maduka ya mbao, na nyuma ya duka mojawapo palikuwa na petroli iliyohifadhiwa katika madumu. Gari la zimamoto liliitwa kutoka mbali. Lilipowasili, safu nzima ilikuwa imekwisha kuwa majivu. Kulipokucha niligundua jambo lililoniuma zaidi ya hasara yenyewe: katika stoo ya mji ule mlikuwa na pampu ya kuzimia moto, zawadi ya marafiki wa ng'ambo, ambayo haikuwahi kutumika hata siku moja. Viungio vyake havikulingana na mipira ya maji iliyokuwapo.

Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa na viongozi wa vijiji na wafanyabiashara: tutapataje vifaa vyetu wenyewe? Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo.

Kwanza, tujue kazi hii ni ya nani. Hapa Uganda, huduma ya zimamoto na uokoaji ni sehemu ya Jeshi la Polisi, chini ya kurugenzi yake maalumu. Kwa majirani zetu mambo ni tofauti. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kazi hiyo kwa serikali za kaunti. Nchini Tanzania, lipo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa hiyo, mwananchi wa upande mmoja wa mpaka asinakili barua ya ndugu yake wa upande wa pili, kwa maana mlango wa kubisha si mmoja. Kwetu sisi, ombi lolote la gari au pampu lianze kwa mazungumzo na kamanda wa polisi wa wilaya, ili kifaa kitakapofika kiwe na watu waliofunzwa kukitumia.

Pili, tutazame vyanzo vya fedha. Cha kwanza kiko nyumbani, nacho ni bajeti ya mji na ya wilaya. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mikutano ya kupanga bajeti hufanyika miezi mingi kabla ya hapo. Atakayepeleka ombi mwezi wa Juni atakuta mgao umekwisha kukatwa. Wazo lianzie katika kikao cha kijiji, lipite kwenye parishi na kaunti ndogo, lifike barazani likiwa na muhtasari uliotiwa saini.

Chanzo cha pili ni balozi za nchi rafiki. Mfano ulio wazi ni Japani, yenye mpango wa misaada midogo kwa miradi ya wananchi wa ngazi ya chini. Mamlaka za mitaa na mashirika yasiyo ya faida huweza kuomba kupitia ubalozi. Katika nchi mbalimbali mpango huo umegharamia usafirishaji wa magari ya zimamoto yaliyokwisha kutumika Japani. Magari hayo yana usukani wa kulia kama yetu, na hiyo ni faida. Ila ieleweke kwamba msaada wa namna hii haulipi mafuta, mishahara wala matengenezo ya kila mwaka.

Chanzo cha tatu ni mashirika ya hisani ya wazimamoto wenyewe. Uingereza lipo shirika la Operation Florian, na Marekani lipo Africa Fire Mission. Mashirika ya aina hii hupeleka vifaa vilivyostaafishwa vikiwa bado vizima, pamoja na wakufunzi. Mafunzo hayo yana thamani sawa na vifaa, pengine hata zaidi.

Tatu, tuombe kinachotufaa. Mji wenye barabara nyembamba na usio na bomba la maji hautafaidika haraka na gari kubwa. Pampu ya kubebeka inayovuta maji mtoni au kisimani, mipira ya kutosha, buti, kofia ngumu na vizima moto vya unga vinaweza kuokoa mali nyingi kabla gari halijafika. Mahali penye petroli, vizima moto vya unga au vya povu ni vya lazima, kwa sababu petroli huelea juu ya maji, na anayeimwagia maji huusambaza moto.

Nne, tuulize habari za viungio kabla ya kupokea chochote. Waingereza wana aina yao ya kiungio cha mpira, Wajerumani wana yao iitwayo Storz, na Wajapani wana yao iitwayo Machino. Mmoja haushiki mwingine bila kipande cha kuunganishia. Barua ya ombi itaje aina ya mipira iliyopo kwenye kituo kilicho karibu nanyi, na iombe vipande hivyo endapo aina zinatofautiana. Kadhalika, ofisi ya forodha iulizwe kuhusu kodi na masharti ya kuingiza magari yaliyotumika kabla mzigo haujapakiwa melini. Mzigo uliokwama bandarini huongezeka gharama kila siku.

Tano, andiko la ombi liwe fupi na la kweli. Lieleze idadi ya wakazi na maduka, umbali hadi kituo cha zimamoto kilicho karibu, mioto iliyotokea na hasara yake kama ilivyoandikwa katika kumbukumbu za polisi, mahali vifaa vitakapotunzwa, na jina la ofisi itakayowajibika. Liambatishwe na makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na azimio la baraza la kutenga fedha za mafuta na matengenezo. Mfadhili husoma azimio hilo kwa makini kuliko maneno yote ya shukrani.

Mwisho, tahadhari. Wapo watu wanaozunguka mipakani wakidai kuwa wanaweza kupata ufadhili mkilipa ada kwanza. Mpango halali wa ubalozi haudai ada ya maombi, wala hautumi wakala wa kukusanya pesa sokoni. Mtu wa namna hiyo aripotiwe kituoni mara moja.

Wakati mnasubiri vifaa, ondoeni madumu ya mafuta ndani ya maduka, acheni njia wazi kati ya vibanda, na kila mmoja akumbuke namba za dharura: 999 au 112. Afisa uhusiano wa polisi na jamii katika wilaya yako yupo tayari kuketi na kamati yenu na kulipitia andiko kabla halijatumwa. Mleteeni rasimu, hata ikiwa imeandikwa kwa mkono.