Imeli moja, hadithi moja: kusoma fasihi ya watoto kwa ordinateri ya nyumbani

Kila mwaka hapa Lubumbashi, wakati wa kuchagua mada ya memwari, naona wanafunzi wawili ao watatu wanaanza na fasihi ya watoto kisha wanaiacha. Sababu njo ile ile: “Yaya, akuna bitabu.” Wanaobaki wanazunguka na fotokopi za La Fontaine na Perrault ambazo kaka zao walizitumia, na hadithi ambazo koko aliwasimulia jioni hazipati hata ukurasa moja. Mimi nasema vitabu viko. Haviko kwenye rafu, ni hilo tu. Mtu mwenye ordinateri nyumbani, hata ile ambayo betri yake ilikufa zamani, na mwenye anwani ya imeli, anaweza kufanya kazi ambayo mbele ilidai safari ya Ulaya.

Nachukua hadithi moja kama mfano. Mwaka 1870, Edward Steere alichapisha London kitabu Swahili Tales, hadithi alizozipata Zanzibar, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule. Ndani iko Kisa cha Punda wa Dobi. Kima (sisi tunasema makako) anakaa juu ya mti pembeni ya maji, anamtupia matunda papa, yaani ule samaki mkubwa wa bahari, si papa wa nyumba. Urafiki unakua. Siku moja papa anambeba mgongoni aende kumtembelea, na katikati ya safari anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake aliuacha kwenye mti, warudi kuuchukua. Wanarudi, anapanda, na hashuki tena. Papa akimwita, anamsimulia habari ya punda asiyekuwa na moyo wala masikio.

Kitabu hicho kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kiko bure kwenye Internet Archive. Hadithi ile ile iko kwa Kiingereza katika Zanzibar Tales ya George Bateman, Chicago 1901, na hiyo unaipata kwa Project Gutenberg, mradi ambao Michael Hart aliuanzisha Marekani mwaka 1971. Chukua faili ya maandishi matupu, bila picha: kitabu chote hakifiki mega moja. Unakishusha usiku wakati forfait ni ya bei ya chini, kisha unasoma wiki nzima bila koneksio.

Sasa kazi ya ordinateri inaanza. Fungua madirisha mawili pembeni kwa pembeni, Zanzibar huku, India kule. Hadithi hii iko katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti ambacho ndani yake mzee mmoja anafundisha watoto watatu wa mfalme. Kwa hiyo swali “hii ni fasihi ya watoto kweli?” lina jibu la zamani sana. Pale India, anayembeba kima ni mamba, na anayetaka moyo ni bibi yake. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitia kitabu hicho katika Kiarabu kwa jina Kalila wa Dimna, na mamba akawa kobe. Zanzibar kobe akawa papa, na bibi mwenye tamaa akageuka sultani mgonjwa. Punda naye alidanganywa India na mbweha; Zanzibar anayemdanganya ni sungura. Kwa nini sungura? Juu kwetu ujanja ni kazi yake, Kalulu tunamjua wote. Memwari nzima inaweza kukaa ndani ya badiliko hilo moja. Na yule La Fontaine wa fotokopi? Mwaka 1678, mwanzoni mwa mkusanyo wake wa pili, yeye mwenyewe aliandika kwamba sehemu kubwa ya mambo yake ameipata kwa Pilpay, mwenye hekima wa India. Tunamsoma kama chanzo, kumbe naye alikuwa anapokea barua.

Imeli inaleta kile ambacho hakuna kitabu kinacho. Andikia ndugu wa Kalemie, rafiki wa Ndola, shangazi aliyehamia Bruxelles. Ziwa Tanganyika halina papa: nani anambeba kima huko? Uliza swali moja tu. Ukituma kumi hawatajibu. Omba pia wakuandikie maneno yenyewe ya msimulizi, kwa lugha yake, bila kuyanyoosha, na waseme alisikia kwa nani, kijiji gani, mwaka gani karibu. Wengi wananiambia WhatsApp inatosha. Kwa kupokea sauti ya koko, ndiyo, hakuna bora. Lakini simu ikiibiwa, sauti imekwenda. Imeli inabaki na tarehe, jina la mtumaji na faili yake, na profesa akiuliza “ulitoa wapi?” unamwonyesha.

Watoto wa kiwanja nao wasisahauliwe, juu hadithi ni yao. Wasomee mpaka pale kima yuko katikati ya maji, simama, waulize atajiokoaje. Andika majibu papo hapo kama walivyoyasema. Ukiwa na mwalimu rafiki katika mji mwingine, afanye vile vile na darasa lake, mtumiane majibu. Hapo unasoma fasihi pamoja na wasomaji wake, jambo ambalo memwari nyingi zinakosa. Kwa hadithi fupi zenye picha, African Storybook ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2014, inatoa za Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, na ruhusa ya kuzichapa na hata kuzitafsiri.

Ruhusa hiyo haiko kila mahali. Steere na Bateman ni wa zamani, hakuna shida. Leuk-le-Lièvre ya Senghor na Sadji ni ya 1953, na Senghor alikufa 2001: usiipige picha nzima na kuisambaza kwa imeli. Sheria yetu ya Aprili 1986 inalinda mwandishi hata kisha kufa. Inukuu kidogo, taja jina, inatosha. Na koko aliyesimulia, jina lake liandikwe pia kama amekubali.

Jambo la mwisho ni la umeme. Kila jioni jitumie wewe mwenyewe faili ya kazi kwa imeli na uweke kopi nyingine kwenye flashi, juu umeme ukirudi na nguvu, disiki haiombi ruhusa.