Wazee wa Muziki Wapigwe Filamu Wangali Hai

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Ni kweli kwamba wanamuziki wetu wa Unguja na Pemba hutuzwa noti harusini, na baadhi yao wametuzwa nishani ugenini. Lakini tuzo hizo humalizika na usiku wa ngoma, na mzee anapofariki aghalabu huzikwa pamoja na ujuzi wake. Ipo tuzo nyingine isiyomalizika, nayo ni filamu ya maelezo, yaani ile isiyokuwa na waigizaji, bali humwonyesha mtu mwenyewe, kazi yake na maisha yake.

Faida ya filamu za namna hiyo tumekwisha kuiona. Mwaka 2006 ilitoka filamu iitwayo As Old as My Tongue, iliyoongozwa na Andy Jones, inayomhusu marehemu Fatma binti Baraka, ambaye sote tulimwita Bi Kidude. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepewa tuzo ya WOMEX, mojawapo ya heshima kubwa za muziki wa mataifa. Katika filamu hiyo, iliyozidi saa moja, binti wa mchuuzi wa nazi wa Mfagimaringo anaimba, anapiga ngoma, anacheka, anavuta sigara yake na kusema alitakalo bila ya kumwogopa mtu. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili, 2013. Hata hivyo, kijana aliyezaliwa baada ya siku hiyo anaweza kumwona alivyokuwa, si kwa kusimuliwa.

Tumlinganishe na mwalimu wake, Siti binti Saad. Mfinyanzi huyu wa Fumba, aliyetoka katika ukoo wa watumwa, aliitoa taarab katika barza za mabwana walioisikiliza kwa Kiarabu, akaiimba kwa Kiswahili ili watu wa Ng'ambo waielewe na waone kuwa ni yao. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, na sauti yake ikatiwa katika santuri. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu wake, na kwa hilo tunamshukuru. Hivyo Siti tunamjua kwa santuri na kwa kitabu. Bi Kidude tunamjua pia kwa uso wake, mikono yake na namna alivyokaa na ngoma yake.

Pengine msomaji atauliza, je, santuri na kanda za redio hazitoshi? Hazitoshi hata kidogo. Santuri haituonyeshi mpigaji ngoma akiiwamba ngozi na kuiota motoni mpaka itoe sauti aitakayo. Haituonyeshi mpigaji sanduku katika kidumbaki anavyouvuta na kuulegeza mti ili uzi utoe sauti ya juu au ya chini, wala vidole vya mpigaji kanuni. Zaidi ya hayo, taarab haichezwi na waimbaji peke yao. Bibi anayeinuka kwa maringo kwenda kutunza, akapita mbele ya hasimu wake huku ameinua noti yake, naye anasema maneno katika wimbo ule. Maneno hayo sikio haliyasikii, bali jicho huyaona.

Mwaka 2016 ilitoka filamu nyingine, iliyoongozwa na Ron Mulvihill, juu ya historia ya Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905. Waongozaji wa filamu hizi mbili ni wageni, na sisi hatuwalaumu. Kinyume chake, tunawapa mkono wa shukrani, kwani walithamini kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tukipita mbele yake bila ya kugeuka.

Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba mgeni huuliza maswali ya mgeni. Yeye hutaka kujua taarab ni nini, na mzee humjibu kwa kiasi cha swali lake. Mwenyeji angeuliza mengine: Wimbo ule ulimjibu nani? Nani aliyeutia sauti, na nani aliyetunga maneno? Ugomvi wa klabu zile mbili ulianzia wapi, na ulipatanishwa na nani? Haya ndiyo mambo ambayo wazee wetu wanayo vifuani mwao, na hakuna atakayewauliza kama sisi hatukuwauliza.

Wala hatuwezi kusingizia kwamba uwezo hatuna. Visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati Bara ilingoja mpaka miaka ya 1990 kupata televisheni. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi limekuwa likifanyika tangu mwaka 1998. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa mwaka 2002, na wanafunzi wake hujifunza udi, kanuni na fidla. Kamera ambayo zamani ilihitaji gari la kuibeba, leo kijana huitia mfukoni pamoja na simu yake. Kinachohitajika ni azma na mpango.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika wote serikalini, hasa wenye dhamana ya utamaduni na utangazaji, wayafikirie haya. Kwanza, paandikwe daftari la wazee wa muziki katika kila wilaya, pasiachwe msewe na kibati cha Pemba kwa sababu ya umbali wa bahari, na kazi ya kuwapiga filamu ianze kwa walio wazee zaidi. Pili, mtengenezaji filamu yeyote anayepewa kibali cha kupiga picha za wanamuziki wetu awajibike kuacha nakala kamili hapa nchini, ikiwa na tafsiri ya Kiswahili, nayo ionyeshwe mashamba na Pemba, si mjini tu. Tatu, kanda za zamani, popote zilipo, zihamishiwe katika kompyuta mapema, kwa kuwa joto, unyevu na chumvi ya hewa ya pwani ni maadui wa kanda. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la nne linahusu haki. Mzee asipigwe filamu kama mnara wa kutazamwa na watalii. Aulizwe kwanza, akubali, alipwe, na mapatano yaandikwe kwa lugha anayoifahamu. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ipo tangu mwaka 2003, basi imkinge na yeye. Kadhalika yapo mambo ya unyago ambayo si ya kila jicho. Ni kweli kwamba Bi Kidude alizipiga hadharani baadhi ya ngoma za unyago, lakini aliyechagua kipi kitoke na kipi kibaki ndani ni yeye. Uamuzi huo uendelee kuwa wa masomo na makungwi wenyewe, na kamera isimame pale wanaposema isimame.

Kwa wananchi wenzetu tunasema kwamba kazi hii si ya serikali peke yake. Kila klabu ina mpigaji wake mkongwe, na kila mtaa una bibi anayezikumbuka nyimbo ambazo hazikupata kutiwa katika santuri. Vijana wenye simu nawakae nao, wawaulize kwa adabu, na wakihifadhi walichokipata wakihifadhi pamoja na jina la mzee, mahali na tarehe. Wazee hawa ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Nawaanze na walio karibu nao, wiki hii.