Lugha ya Gari Kuukuu: Jinsi ya Kuteua Kisoma-Misimbo

Huenda msomaji akashangaa kukuta makala kuhusu magari katika jarida la chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Sababu ni kwamba mwaka jana nilimsindikiza kaka yangu katikati ya jiji la Nairobi kununua chombo cha kusoma misimbo ya hitilafu za gari lake, tukarudi Kawangware na chombo ambacho hakikuweza kusoma hata herufi moja. Kosa letu halikuwa la kiufundi tu. Tulikodi mkalimani kabla ya kuuliza mgeni wetu anazungumza lugha gani. Kwa mtu anayesomea Kiswahili katika shahada ya uzamili, hiyo ni aibu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX la mwaka 1996, lililotengenezwa kwa soko la Japani. Magari haya yana historia nchini Kenya. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza katika nafasi ya nne kwenye mashindano ya Safari akiendesha Impreza. Colin McRae akashinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wawili wakiwa katika gari la jina hilohilo. Vijana waliosimama kando ya barabara na kufunikwa na vumbi lao ndio wanaoyanunua sasa. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, hivyo Impreza za miaka hiyo zilizosalia zimekuwa hapa kwa muda mrefu. Zimepita katika mikono ya wenyeji wengi, na nyaya zake zimekatwa na kuungwa na mafundi wengi zaidi.

Gari la kaka lilikuwa likiishiwa nguvu kila lilipopanda Waiyaki Way kuelekea Uthiru, nayo taa ya injini ikawa inawaka na kuzimika. Gereji moja ilibadilisha plagi, kisha ikabadilisha pampu ya petroli. Fedha zilikwisha na nguvu hazikurudi. Ndipo tulipoamua kununua kisoma-misimbo chetu wenyewe, kwa bei isiyozidi ile ya kamusi nzuri.

Ni vyema kwanza kueleza kinachosomwa. Injini ya kisasa huongozwa na kompyuta inayopokea habari kutoka kwa vihisi: kipo kinachopima joto la maji, kipo kinachopima mkondo wa hewa, kipo kinachosikiliza iwapo injini inagonga. Habari zikikosekana au zikipita kiasi, kompyuta huhifadhi msimbo na kuwasha taa. Tangu mwaka 1996 Marekani ililazimisha magari yote mapya yatumie mfumo mmoja sanifu wa misimbo, wenye soketi ya pini 16. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Japani haikuwa na sharti kama hilo katika miaka ya tisini, na magari yetu mengi ya mitumba yametoka huko. Kwa hiyo mtu anayesoma mtandaoni kwamba "magari yote ya kuanzia 1996" yanasomeka, anasoma habari za Wamarekani.

Mfumo huo sanifu una mofolojia ambayo mwanafunzi wa Kiswahili ataifurahia. Chukua msimbo P0171. Kila nafasi ina kazi yake, kama zilivyo nafasi katika kitenzi "hawakumpigia". Herufi P hutaja injini na giaboksi. Mahali pake pangeweza kukaa B kwa bodi, C kwa chesisi, au U kwa mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Sifuri inayofuata huonyesha kwamba msimbo ni wa wote, ilhali 1 ingeonyesha kwamba ni wa kiwanda husika. Tarakimu 1 iliyo katikati inahusu hewa na petroli. Ingekuwa 3 tungekuwa tunazungumzia uwashaji wa plagi. Mbili za mwisho hutaja tatizo lenyewe: hewa imezidi petroli katika upande wa kwanza wa injini. Anayejua viambishi hukisia maana hata kabla ya kufungua orodha.

Magari yaliyotangulia mfumo huo hayana viambishi. Yana maneno mafupi yasiyochanganulika, na kila kiwanda kina msamiati wake. Msimbo 22 katika Toyota za wakati ule ulihusu kihisi cha joto la maji. Katika Subaru, 22 ni kihisi cha kugonga kwa injini. Ni sawa na neno "mama": kwa Mswahili ni mzazi wa kike, lakini kwa Mgĩkũyũ ni mjomba. Asiyejua yuko nyumbani kwa nani ataamkia vibaya.

Hapa ndipo uteuzi wa chombo unapoanzia. Umbo la soketi lisikudanganye. Baadhi ya Mercedes-Benz za miaka ya tisini, ambazo bado huonekana Lavington na Karen, zina soketi ya mviringo yenye pini 38. BMW za wakati huo zina ya pini 20 chini ya boneti. Maduka huuza adapta za kuunganisha maumbo hayo na chombo cha pini 16. Adapta hubadilisha umbo la mdomo, lugha hubaki ileile. Hata soketi ya pini 16 si ushahidi wa kutosha. Subaru za mwishoni mwa miaka ya tisini zinaweza kuwa nayo, na kompyuta ikazungumza kupitia pini ya 7 kama ilivyo katika mojawapo ya lahaja za mfumo sanifu. Hata hivyo, kasi yake ni biti 4800 kwa sekunde badala ya 10400, na maneno yake ni ya Subaru. Chombo cha kawaida kitasema kwamba hakuna gari. Mwenye gari la kundi hilo atafaidika zaidi kwa kebo rahisi ya pini ya 7 inayochomekwa kwenye kipakatalishi, pamoja na programu ya FreeSSM, ambayo haitozwi malipo.

Kwa gari linalotii mfumo sanifu, vyombo vidogo visivyotumia waya vinavyojengwa juu ya chipu ya ELM327 vinatosha, ingawa chipu hiyo, iliyobuniwa na kampuni ya Kanada, imenakiliwa mno na nakala nyingi haziijui misamiati yote ya asili. Omba ukijaribu ndani ya gari lako kabla ya kulipa. Zaidi ya misimbo, kionyeshe vipimo vya vihisi injini ikiwa inanguruma. Chombo kinachojua kufuta tu ni hatari, kwa sababu kufuta msimbo ni kuzima taa bila kutibu ugonjwa, na wauzaji wengine wa magari hufanya hivyo asubuhi ya siku ya mnunuzi. Bahati nzuri, mfumo sanifu huweka pia kumbukumbu ya majaribio ambayo kompyuta imejifanyia. Ukikuta mengi hayajakamilika, jua kwamba kumbukumbu ilifutwa karibuni, au betri ilitolewa.

Nasi je? Impreza letu halikuwa na soketi ya pini 16 hata kidogo. Lina ile ya zamani ya Subaru, ya rangi ya manjano. Fundi mmoja wa Kawangware alikitazama chombo chetu, akakiweka juu ya kiti, akalala chali chini ya usukani. Akatoa nyaya mbili zenye vichwa vyeusi, akaziunganisha, akageuza ufunguo bila kuwasha injini.

"Mwalimu, wewe hesabu," akaniambia.

Taa ya injini ikamweka mara mbili kwa kirefu, mara mbili kwa kifupi. Mimweko mirefu ni makumi, mifupi ni mamoja. Ishirini na mbili. Hatukuhitaji kununua chochote.

Lakini msimbo hautoi hukumu. Hautaji kifaa kilichokufa. Unataja njia ya habari iliyokatika, na waya uliooza hutoa msimbo uleule. Fundi alifuata waya kwanza, kisha akakifikia kihisi chini ya mabomba ya kuingizia hewa, akakikuta kimepasuka. Kompyuta, kwa kuwa haikuweza kusikia iwapo injini inagonga, ilikuwa imechelewesha cheche kwa tahadhari, na nguvu zikapungua. Wako wanaofunga rezista mahali pa kihisi ili kuidanganya. Taa huzimika na nguvu hurudi, ila injini yenye turbo huwa imefanywa kiziwi, na siku itakapogonga kwa mafuta mabaya, pistoni zitavunjika bila onyo. Kaka alikuwa ameshapendekezewa njia hiyo kwa bei nafuu sana.

Fundi alipokuwa akinawa mikono kwa petroli aliniuliza kile kifaa tunakiitaje kwa Kiswahili chuoni. Nikamwambia: kihisi cha kugonga. Akacheka, akaniambia niende Kirinyaga Road nikaulize jina hilo dukani, nione kama nitarudi na kitu.

Nilikwenda kesho yake. Niliulizia noksensa.